Mwandishi wa Nasaba na Siri ya Aliyepokewa

Katika miaka hii ya karibuni imekuwa jambo la kawaida, hapa Uganda na hasa katika Buganda, kuwaona watu wa ukoo mmoja wamekutana Jumapili alasiri chini ya turubai, wazee wamekalia viti na vijana mikeka, na mbele yao amesimama mtu mmoja mwenye daftari. Mara nyingi mtu huyo ni mwalimu aliyestaafu, au karani, au kijana aliyesoma chuo kikuu akarudi na hamu ya kujua alikotoka. Huwasomea wenziwe majina ya mababu: nani alimzaa nani, nani alihama na kwa sababu gani, kaburi la nani liko chini ya mti upi. Wengine humsahihisha, wengine humwongezea, na bibi kizee mmoja aliyekaa pembeni hutikisa kichwa asiseme neno. Vikao hivi ni vyema, nami huvihudhuria kwa furaha. Lakini huyo bibi anayetikisa kichwa ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Wenzetu wa ng'ambo walianza zamani kuliweka jambo hili katika vyama. Mjini Boston, Marekani, chama cha nasaba kilianzishwa mwaka 1845. Wamormoni wa Utah walianzisha chao mwaka 1894, kwa kuwa dini yao huwataka wawatafute wafu wao na kuwafanyia ibada. Na London wakapata chao mwaka 1911. Katika vyama kama hivyo watu hukutana, husikiliza mhadhara juu ya namna ya kusoma vitabu vya ubatizo, wosia na rejista za kuhesabu watu, kisha hulinganisha karatasi zao. Kwao ukoo hutafutwa katika makabati.

Buganda haikungoja makabati. Mtoto aliyelelewa vema hufundishwa tangu udogoni kutaja jina lake, la baba yake, la babu yake, na kuendelea kupanda mpaka kwa mkuu wa ukoo. Ngazi zenyewe zimepewa majina ya vitu vya nyumbani: juu kabisa ni kasolya, yaani kilele cha paa, chini yake ssiga, ambalo halina tofauti kubwa na figa letu la Kiswahili, kisha mutuba, mti ambao gome lake hutengenezwa nguo, kisha lunyiriri, yaani mstari, kisha luggya, yaani ua, na mwisho nyumba yenyewe. Sisi tusomeshao Kiswahili tunao mlango na tumbo, maneno ya namna ile ile. Ila kuna jambo moja katika Kiswahili ambalo hunishangaza kila nifundishapo majina ya jamaa. Tukishuka tuna utajiri: mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Tukipanda hatuna budi kuunganisha babu juu ya babu, kama mtu afungaye vipande vya kamba ili kuifikia ndoo iliyozama. Waliotuachia lugha hii yaonekana walijishughulisha zaidi na watakaokuja kuliko waliokwisha kupita. (Kamusi zetu zina pia neno ukoo lenye maana ya uchafu. Ni maneno mawili mbalimbali yaliyofanana umbo tu, lakini wanafunzi hucheka, nami huwaacha wacheke.)

Sasa nieleze maana ya kichwa kile kinachotikiswa. Koo za Buganda hazikukua kwa kuzaa peke yake. Katika karne ya kumi na tisa vita vya Buganda na jirani zake, Busoga na Bunyoro, vilileta mateka wengi, wanawake na watoto, na baadhi ya watoto hao walikulia katika nyumba za waliowateka, wakapewa majina ya ukoo na mwiko wa ukoo. Baadaye, mashamba ya pamba na kahawa yalipohitaji mikono, walikuja watu kwa miguu kutoka Ruanda-Urundi, nchi iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Wengine walikimbia kazi za kulazimishwa, wengine njaa, kama ile kubwa ya mwaka 1928 na 1929 ambayo Wanyarwanda huiita Rwakayihura. Walilima kwa ujira, wakakaa, wakajifunza Luganda, na wengi wao wakajipatia jina la Kiganda na ukoo wa kuishi ndani yake. Mara nyingine aliwapokea mwenye shamba, mara nyingine waliteleza tu kimya kimya mpaka majirani wakazoea. Mtu aliyefika kibarua mwaka 1929 leo ni babu wa babu. Jina lake limo katika daftari, chini ya jina la aliyempokea, na aliyeliweka hapo hana habari. Bibi anayo. Swali langu ni hili: bibi akiamua kumnong'oneza mwandishi, mwandishi afanye nini?

Jibu la kwanza, ambalo mwalimu yeyote angelipenda, ni kwamba aandike kweli. Nasaba iliyochujwa ni sifa, na sifa zina mahali pake katika ngoma na harusi. Tena, kuficha asili ya mtu ni kana kwamba kukiri kuwa asili hiyo ni aibu; na kibarua aliyetembea majuma kadhaa akiwa na njaa tumboni, akaanza maisha upya katika lugha asiyoijua, hana la kuonea haya. Nayo hoja hii ina nguvu kubwa zaidi kwingineko. Huko Marekani hesabu za watu za mwaka 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa chini ya majina ya mabwana zao: umri, jinsia, rangi, lakini kwa kawaida bila jina. Ni katika hesabu ya mwaka 1870, baada ya utumwa kufutwa, ndipo wengi wao wanapoonekana kwa mara ya kwanza kwa majina yao kamili. Mjukuu wao atafutaye leo hugonga ukuta hapo, na akiupenya, kwa hati ya mauzo au wosia wa bwana uliotaja jina moja tu, hulia. Nani atathubutu kumwambia kwamba angelinyamaza?

Hata hivyo yafaa tuangalie ni nani aliyeweka kimya kile. Kwa watumwa wa Marekani kimya kiliwekwa na waliowamiliki, nacho kilikuwa sehemu ya kumilikiwa kwao. Kukivunja ni kurudisha mali iliyoibwa. Kwa kibarua wetu kimya aliweka yeye mwenyewe, pamoja na wale waliompokea, na kilikuwa ndio mlango alioingilia. Watu wa Asante, katika nchi ambayo leo ni Ghana, walilijua jambo hili kiasi cha kulifanya sheria. Inasimuliwa kwamba tangu siku za mwanzo za ufalme wao ilikatazwa mtu kuitangaza asili ya mwenzake. Ufalme ule uliundwa kwa watu wengi walioshindwa vitani na wengi walionunuliwa, na kizazi cha mtumwa kiliingizwa katika ukoo wa bwana wake. Kama kila ugomvi wa mpaka wa shamba ungefukua bibi ya nani alitoka wapi, hapangekuwa na ufalme. Sitaki kuisifu mno sheria hiyo, kwa maana wenyewe hawakusahau: wazee walijua vema kizazi kipi kilikuwa cha kitumwa, na ujuzi huo uliwatosha wakati wa kugawa vyeo. Kimya cha hadharani kinaweza kukaa pamoja na dharau ya chumbani. Lakini walitambua kwamba kuna ujuzi ambao mtu anaweza kuwa nao bila kuwa na haki ya kuutoa.

Hapa ndipo daftari linapoleta jambo jipya. Nasaba ya mdomoni ilikuwa na tabia ya kujirekebisha. Mwanaanthropolojia Laura Bohannan aliandika mwaka 1952 juu ya Wativ wa Nigeria, ambao nasaba zao zilibadilika polepole kadiri uhusiano wa koo ulivyobadilika, bila mtu kudhani kwamba anasema uongo. Maofisa wa Kiingereza walikuwa wameziandika nasaba hizo ili wazitumie katika mashauri. Miaka ilipopita Wativ wakasema kwamba maandishi hayo yamekosewa, na maofisa wakashikilia kwamba karatasi ndiyo kweli. Pande zote mbili zilikuwa na haki kwa namna yake. Kwa Wativ nasaba ilieleza jinsi watu wanavyohusiana leo. Kwa maofisa ilieleza nani alitoka katika tumbo la nani. Walipoziandika walidhani wanahifadhi kitu, kumbe walikuwa wanakigeuza kitu kingine.

Jirani zetu wa Rwanda walilipia mgeuzo wa namna hiyo kwa gharama ambayo haisemeki. Kabla ya Wabelgiji, mtu na uzao wake waliweza, ingawa si kwa urahisi, kupata ng'ombe na hadhi na hatimaye kuhesabiwa Watutsi, au kufilisika na kuhesabiwa Wahutu. Katika miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji ilimwandikia kila mtu mzima kabila lake katika kitambulisho, na tangu hapo mtoto akarithi neno lile kutoka kwa baba yake. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo viliombwa penye vizuizi vya barabarani, na neno moja lilitosha kumwua mwenye nacho. Serikali iliyofuata ililiondoa neno hilo. Wala tusidhani kwamba sisi wa Uganda tuko mbali na hayo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1982, huko Ankole, maelfu kwa maelfu ya watu wa asili ya Kinyarwanda walifukuzwa majumbani mwao, ng'ombe wao wakachukuliwa, na baadhi yao walikuwa raia wa Uganda. Siku kama ile daftari la nasaba lililoandikwa kwa uaminifu na mwalimu mpenda kweli lingekuwa orodha tayari.

Mtu atasema kwamba siku hizo zimepita. Zimepita, lakini Katiba yetu ya mwaka 1995 humtambua kuwa raia kwa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi wake, au babu au bibi yake, ni wa mojawapo ya jamii zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926, nazo zimetajwa kwa majina katika nyongeza yake. Wanyarwanda wametajwa humo. Wengine, kama Wamaragoli wa magharibi ya nchi, hawakutajwa, ikawabidi kudai watambuliwe. Basi nasaba bado inashika ufunguo wa mlango wa serikali, na aandikaye tarehe ya kufika kwa babu ya jirani yake anaandika zaidi ya kumbukumbu.

Hayo yasimpe mtu yeyote ruhusa ya kubuni. Kuna tofauti kubwa kati ya kunyamaza na kuzua, ingawa wazee wengine wa ukoo huichezea tofauti hiyo. Mfano bora wa uzushi tunao katika Kiswahili chenyewe, nao umeandikwa na mwenye kuufanya. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, anasimulia katika habari za maisha yake jinsi alivyoingia katika nchi ya mtawala mmoja wa Manyema ambaye jamaa zake wa kike walikuwa wamechukuliwa mateka zamani. Alipoisikia habari hiyo akajitangaza kuwa yeye ni mjukuu wa mmoja wao. Mzee yule aliamini, akamkabidhi nchi. Kila nikisoma sehemu ile hushindwa kuamua kama nicheke au niudhike: mfanyabiashara wa pembe na watumwa ajipatia ufalme kwa kudai kwamba bibi yake alikuwa mtumwa! Uongo ule haukumlinda mnyonge yeyote. Ulimnyang'anya mzee nchi yake, naye alitoa kwa sababu alikuwa angali akiililia damu yake iliyopotea.

Pwani nako kuna nasaba za Kishirazi, ambazo kwa miaka mingi wasomi wengi walizihesabu kuwa majivuno matupu: wenyeji, walisema, walijitungia mababu wa Uajemi ili wawe juu ya wenzao. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Ilionekana kwamba wengi wao walikuwa na mababu wa kiume kutoka upande wa Uajemi, na kwamba mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Hapo wenye nasaba wakashangilia, na walikuwa na haki. Lakini mifupa ile ile ilionyesha kwamba wazazi wa kike walikuwa karibu wote Waafrika, na kwamba kwa wengi wao zaidi ya nusu ya urithi ilitoka kwa mama hao. Wanawake hawa hawamo katika nasaba. Hakuna aliyedanganya kwa kuwataja baba peke yao. Waliandika kweli nusu, na kwa karne nyingi nusu ile ikafanya kazi ya uongo. Mwandishi wa daftari la ukoo ayaangalie majina aliyo nayo, ahesabu mangapi ni ya wanawake, kabla hajajisifu kwa kupenda kweli.

Nirudi kwa kibarua wa mwaka 1929. Yanibidi sasa kuuliza neno baba lina maana gani pale linapoandikwa katika daftari. Uislamu una jibu lililo wazi: mtoto wa kulea huitwa kwa jina la aliyemzaa, na Zayd, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, alirudishiwa jina la Haritha. Ni jibu lenye heshima yake, kwa maana linamkataza mlezi asiifute asili ya mtoto kwa wema wake. Lakini ukoo wa Buganda ulifuata njia nyingine. Uliposema fulani ni wetu, ulimpa jina, mwiko, mahali pa kuzikwa, na jukumu la kuchangia misiba. Ulimkataza kuoa binti wa ukoo, kama umkatazavyo aliyezaliwa humo. Kwa sheria ya ukoo huo wenyewe alikuwa mwana. Kwa hiyo mwandishi aandikapo jina lake chini ya jina la aliyempokea hasemi uongo hata kidogo. Uongo ungeanza pale ambapo angeongeza kwamba alizaliwa na mama fulani katika kijiji fulani, ili mstari upendeze. Aliache pengo hapo. Daftari lenye mapengo huaminika kuliko lisilo nayo, na wasomaji wenye akili hujua kwamba pengo nalo ni habari.

Na bibi je? Kwa maoni yangu alichonacho ni amana ya kizazi cha yule kibarua. Si ya ukoo mzima, wala si ya mkutano wa Jumapili, wala si ya mwandishi. Wakija wajukuu zake kuuliza, waambiwe, tena wasicheleweshwe; kuwanyima ingekuwa kuwafanyia kile kilichofanywa na mabwana wa Marekani. Wasipokuja, hakuna mwenye haki ya kuwapelekea mlangoni, sembuse kuwasomea chini ya turubai mbele ya watu wanaogombea nao kibanja. Nakiri kwamba kanuni hii ina udhaifu. Ndugu wawili wa kizazi hicho waweza kutofautiana, mmoja akataka kutangaza na mwingine kuzika. Tena siku hizi kijana wa ukoo aliyeko ng'ambo hutia mate katika kichupa, akakipeleka kwa posta, na baada ya majuma machache huletewa majina ya jamaa asiowajua. Kwa mate ya mmoja wote wamefunuliwa, bila bibi kuulizwa. Mashine haitikisi kichwa. Wazee wanaotegemea kwamba siri itakufa pamoja nao wafanye haraka kuwaita wahusika na kuwaambia wenyewe, kwa sauti ya mtu na kwa maelezo ya sababu, maana habari ile ile ikija peke yake kwa tarakimu haitakuja na habari ya njaa, wala ya fadhili ya yule aliyempokea.

Limebaki jambo moja ambalo huulizwa sana vijana wanapopata habari hizi. Mvulana na msichana wa ukoo mmoja wanapendana, na ukoo unakataza. Mvulana anagundua kwamba babu wa babu yake alikuwa yule kibarua, kwamba hana damu na msichana, na anakuja mbio kwa wazee na daftari mkononi akiomba ruhusa. Wazee niliozungumza nao juu ya jambo hili walikuwa wanne, wa koo mbalimbali, na wote walitoa jibu moja bila kushauriana: hawezi kumwoa, ni dada yake. Mmoja, akiwa bado anamenya muhogo wake, aliongeza kwamba kijana huyo akitaka ruhusa aanze kwanza kuwatoa mababu zake watatu katika makaburi ya ukoo, awapeleke anakosema walitoka.